Karani Aliyegoma Kuandika "Watu"

Karani yule wa kijiji cha Rhotia alipiga taipu kama anayechambua maharage, kidole kimoja kimoja, akipuliza mikono kwa baridi. Herufi ikikwama aliizomea, "Wee, nakuona!" Siku moja mtafiti wa saikolojia akampa ripoti aichape: "Kumbukumbu ya Watu wa Rhotia". Karani akapitia majina ya waliopimwa uwezo wa kukumbuka, arobaini, wote wanaume. Akacheka peke yake, akachapa: "Kumbukumbu ya Wanaume wa Rhotia".

"Mama, umekosea hapa!" mtafiti akamwambia.

"Mimi tena? Sisi wanawake ulitupima lini, baba? Au hatuna vichwa, tuna vilemba tu?"

Kesho yake mtafiti alionekana na vifaa vyake vya kupimia kwenye mashine ya kusaga, kina mama wakimtania, "Panga foleni, baba!" Karani akachomeka karatasi mpya, akapuliza vidole, akasubiri kuandika "Watu".