Kifungua Kinywa cha Mpishi wa Hospitali

Dada yangu mkubwa tunamwita Mwiko, na mwenyewe analipenda jina hilo. Alipika katika jiko la hospitali miaka thelathini na moja. Ukimsikiliza, utadhani wagonjwa walipona kwa uji wake na madaktari walikuwa wapita njia tu.

Kwa hiyo binti yake alipofungua mkahawa, Mwiko hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Huyo nimempika mwenyewe," alisema. "Ameiva."

Wiki sita baadaye binti alituomba twende tukale asubuhi. Wateja walikuwa wakija mara moja, hawarudi. Ikiendelea hivyo mwezi mmoja zaidi, atafunga.

Tulikuta meza sita safi, na mteja mmoja tu, fundi viatu wa duka la pili. Tukaletewa chai ya maziwa, mayai na mkate. Mwiko akaonja yai. Akanywa chai, akakitazama kikombe.

"Mwanangu, chai imepoa. Yai halina chumvi. Na kingo za mkate zimekwenda wapi?"

Mimi nikainama nisionekane ninacheka. Dada yangu akishaanza kusema, hana breki.

Binti hakulia wala hakubisha. Alijifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, si ulisema chumvi inapandisha presha? Chai ya moto itamuunguza mwenye mikono inayotetemeka. Kingo za mkate zinawasumbua wasio na meno. Nilikuwa na miaka tisa, nimepanda kigoda jikoni kwako, nakuangalia. Sijabadilisha kitu."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilisubiri dada yangu ang'ake, lakini aliweka kijiko mezani. Nilimwonea huruma, na nilijionea haya pia, maana miaka yote hiyo nimekula kwake nikimwambia, "Tamu, dada," kisha nikirudi kwangu natafuta chumvi.

"Hakuna aliyewahi kurudisha sahani yangu," alisema taratibu. Akafikiri. "Lakini wangekwenda kula wapi, na wako kitandani?"

Akasimama. Kusimama kwa Mwiko si jambo dogo, magoti yake hulalamika kwanza. Akamvua binti aproni, akajifunga yeye, wakaingia jikoni wote wawili. Nilisikia mafuta yakichachatika na mtu akiagizwa alete chumvi, aache kuipima kama dawa.

Alitoka na sahani ya mayai na chai inayofuka moshi, akavipeleka moja kwa moja kwa fundi viatu.

"Kaka, hii si ya kulipia. Onja uniambie, chumvi imetosha?"

Swali hilo sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu. Fundi alitafuna, akamwangalia binti, akaniangalia mimi, akakosa pa kukimbilia.

"Bado kidogo, mama."

"Lete sahani," akasema Mwiko, na akairudisha jikoni mwenyewe.