Kitanzi cha Mzee Abeid

Jirani yangu hapa Sofu, sajenti mstaafu Mfaume, ana mdomo. Ukikaa naye barazani kwa kahawa, huondoki bila kusikia habari za kikosi chake cha makomando. Amri za gwaride walirithi kwa Waingereza, kutambaa kimyakimya waliletewa na Wachina, kuogelea na mzigo mgongoni walifundishwa na jamaa wa Kyuba. Na kupanda nguzo ndefu kwa kitanzi cha kamba miguuni? Hapo hukohoa kidogo, kisha husema ni mkufunzi Lin, Mchina. Nimezisikia habari hizo miaka kumi na miwili, na kwa kweli mara ya tatu tu zilikuwa zimeshanichosha.

Mwezi uliopita akaambiwa kwamba kapteni mmoja atakuja kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya kitabu cha historia ya kikosi. Nilidhani atafurahi. Badala yake alinifuata asubuhi, akakaa, kahawa hakuigusa.

Akaniambia lile la kitanzi ni uongo. Baba yake, Mzee Abeid, alikuwa mgema wa tembo kule Kisarawe, katika ukoo wa watu wa msikitini. Ndugu zake hawakula naye sahani moja, na Mfaume aliitwa na watoto wenzake mtoto wa tembo. Alipoingia jeshini, makuruta wote walishindwa ile nguzo. Yeye akavua buti, akafunga kamba miguuni kama alivyomwona baba yake akifanya kwenye minazi, akapanda mpaka juu. Mkuu wa kikosi akamuuliza mbele ya gwaride zima nani kamfundisha. Akajibu: mkufunzi Lin. Tangu siku hiyo kitanzi kikawa cha Mchina, na yeye mwenyewe akakifundisha hivyo kwa miaka ishirini. Mzee Abeid alikufa bila mtu kumtaja.

Sasa kitabu kitachapwa. Akisema kweli, ataumbuka mbele ya wote aliowafundisha. Akinyamaza, baba yake anafutika moja kwa moja. Mimi nilimshauri anyamaze, kwani nani atauliza? Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Kapteni Evaline alikuja Jumamosi, binti mrefu, sare imenyooshwa. Akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, halafu akajikongoja akasimama na kumpigia saluti, maana binti alimzidi cheo. Nikacheka peke yangu.

Maswali yalikwenda vizuri hadi kwenye kitanzi. Mzee akakohoa, akasema ni mkufunzi Lin. Kapteni hakuandika. Alifungua faili, akatoa karatasi yenye mchoro wa kalamu: mtu yuko juu ya mnazi, kibuyu kiunoni, kamba miguuni. Akaeleza kwamba daftari la Lin lilipatikana kwenye kabati la zamani kambini na limeshatafsiriwa. Kisha akatusomea polepole.

“Mbinu hii si yangu. Nilikwenda Kisarawe mwenyewe, nikafundishwa na Mzee Abeid, baba wa kuruta Mfaume. Kijana hapendi ijulikane, na baba yake ameniomba nisimuumbue. Nimenyamaza kwa ajili yao wote wawili.”

Nilimtazama jirani yangu nikatamani nisingekuwepo. Kumbe baba yake alijua. Alijua mwanawe anamwonea haya, na akamsitiri mpaka kaburini.

Mzee Mfaume aliivuta ile karatasi, akapitisha kidole juu ya miguu ya yule mtu kwenye mchoro. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda. Lin hakukiacha hata hicho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

“Ni baba yangu,” akasema. “Mgema wa Kisarawe. Andika jina lake.”

Kapteni akaandika.

“Na chini yake andika kwamba mwanawe alimkana.”

Kalamu ya kapteni ikasita. Akasema kwa upole kwamba hilo si lazima liingie kitabuni.

“Afande,” akasema mzee, “andika.”