Fremu ya Mlango Ndani ya Ziwa

Wale mnaniuliza mbona nimefuta ile picha ya mchana, someni mpaka mwisho.

Nilitoka Lanet na baiskeli alfajiri, nikapitia Gilgil, na saa sita nikawa kando ya ziwa Naivasha. Miguu imekufa, lakini roho safi.

Nikaona fremu ya mlango imesimama majini. Hakuna ukuta, hakuna mabati. Fremu tu, na mlima Longonot katikati yake.

Nani angepita hiyo bila kupiga picha?

Nikavua viatu, nikaingia na baiskeli mpaka maji ya magoti, nikaiegemeza kwa hiyo fremu. Hata nilifurahi kwamba chini hakuna matope. Ni simiti laini kabisa.

(Sikujiuliza simiti inafanya nini ndani ya ziwa.)

Nikapiga picha, nikapost hapo hapo. Nanyi mkaanza: "Paradiso!" "Nipeleke!"

Kumbe kuna mathe, mama wa makamo, amesimama ukingoni na jerikeni, ananiangalia tu.

"Boss, kwenu mnaingianga kwa watu bila hodi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hapo ni sitting room yangu. Maji ya ziwa ilipopanda, mabati tulibeba, mbao tukabeba. Simiti ndio ilitushinda."

Nikatoka polepole, baiskeli begani. Nikamwambia pole, mathe.

"Asante. Ningekukaribisha chai, lakini jikoni ni hapo mbele, na huko maji inafika shingo."

Nikatoa simu, nikafuta ile picha. Wewe ungesema nini?

Na wewe uliyeuliza ni wapi ndio ukapige picha za harusi: ni kwa mtu.

Piga hodi.