Betri Kwenye Kihenge

Mimi kuandika nimejifunza ukubwani, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikizunguka. Shule niliiacha kabla hatujamaliza hesabu za kuzidisha. Lakini macho ninayo, na nikimtazama mtu usoni najua kama ana jambo lake. Au tuseme nilidhani najua.

Yule karani wetu nilimshuku tangu siku aliyofika. Si kwamba alikosa adabu. Shikamoo yake ilikuwa inakufikia wewe hujamwona bado. Lakini alitoka Tanga. Wakubwa wa mjini Mbinga walisema chama chetu cha kahawa lazima kipate karani anayejua kompyuta, wakamleta yeye. Nikajiuliza, mtu aache joto la kwao aje kwenye baridi ya Umatengo kufuata nini? Mwezi wa saba ukungu ukishuka, alikuwa anavaa sweta juu ya sweta, ushungi umebana mpaka kidevuni, na bado meno yanagongana. Mwenye nia njema, nilisema, angekuwa ameshaomba kurudi.

Sasa niwaeleze desturi yetu ya kofuli, maana bila hiyo hamtanielewa. Kabati la chuma la chama lina kofuli tatu, na funguo zinakaa kwa wazee watatu, mimi mmoja wao, kila mzee na ntambo wake. Ntambo ni mgongo wa mlima wenye vijito pande zote mbili, na kila ntambo una ukoo wake, na kila ukoo unawachungulia wenzake. Kabati halifunguki mpaka tuwepo wote watatu. Niliwahi kushuka Lituhi kutafuta usipa, wale dagaa wa ziwani, ziwa likachafuka, wavuvi hawakuingia majini, nami nikakaa ufukweni namsubiri samaki ambaye hajavuliwa. Huku juu wenzangu walikaa bila mhuri, umefungiwa kabatini, mpaka niliporudi nanuka ziwa zima. Hakuna aliyenuna. Kofuli zilikuwa zimefanya kazi yake.

Ile kompyuta ya kukunja ilipoletwa, mtumba lakini nzima, tukaona kofuli hazitoshi. Kabati ni letu, sawa, lakini mashine anakaa nayo karani. Tukaigawana. Kila jioni mmoja alikwenda kwake na waya wa kuchajia, wa pili alibeba kipanya, na mimi nilichomoa betri. Asubuhi tukikutana, inaunganishwa, inakuwa mashine tena.

"Wazee wangu," karani alisema siku ya kwanza, "kompyuta haifanyiwi hivi."

"Ya Tanga haifanyiwi," mwenzangu wa waya akamjibu. "Hii ni ya huku."

Betri yangu ilikaa kwenye kihenge, juu ya mahindi, nimeifunga kwenye kitambaa panya wasiitafune. Mama watoto alikuwa ananicheka. "Umemlaza mwanao? Umemfunika?" Nilimwacha acheke. Mashine bila betri na bila waya ni sahani tu, karani atafanya nayo ujanja gani?

Mwaka huo tulikuwa tunapata mashine mpya ya kumenyea kahawa mbivu. Ugomvi ukawa ikae wapi, maana kumenya kunataka maji, na kila ntambo ulitaka ikae kwenye kijito chake. Tulibishana hadi sauti zikakauka, tukakubaliana ikae pale vijito vinapokutana, mahali ambapo si pa mtu. Karani akaambiwa aandae mpango pamoja na mtaalamu wa mjini. Walitumia programu moja ya ajabu: yeye anaandika huku, yule bwana anaandika kule Mbinga, na maneno yanatokea kwa wote wawili kwenye hati hiyo hiyo moja. Alituonyesha. Wenzangu walishangaa. Mimi nilikosa raha kabisa. Hati ambayo mtu wa mbali anaweza kuingiza mkono, wewe utaiitaje salama? Tukaamuru huku kwetu isifunguke kwenye simu ya mtu yeyote, ila kwenye mashine ya ofisi tu, mbele yetu.

Basi siku ya kusomewa ule mpango, wanachama wakajaa uani, wengine wametoka mbali, makapu yao ya kahawa yakiwasubiri nyumbani. Tukaunganisha mashine. Ikawaka. Karani akabonyeza hati. Kikatokea kile kiduara kinachozunguka, kikazunguka, halafu maandishi. Akabonyeza tena. Yale yale.

"Inasema nini?" mwenyekiti akauliza.

"Inasema imeshindwa kuthibitisha kwamba ni sisi."

"Imetusahau?"

Watu wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa kizuri. Akazima, akawasha. Akachomoa kile kidude cha mtandao, akakirudisha. Hati nyingine nazo zikagoma. Nikasema moyoni, nimemkamata.

Mzee wa kipanya akasimama. "Mimi nasema wazi. Huyu binti ameshapewa kitu na watu wa ntambo fulani. Mashine ya kumenyea imehamishwa kwenye karatasi, sasa hati haifunguki ili tusijue."

"Ntambo upi?" mzee wa waya akaruka. "Utaje!"

"Aliyeruka ndiye ameutaja."

Nusura washikane. Mwenyekiti akapiga meza, akasema maneno ambayo hayakumpa karani mlango wa kutokea: "Hati isomwe kabla wanachama hawajaondoka. Isiposomwa, wewe binti ufungashe vitu vyako, kesho asubuhi upande gari la Mbinga."

Karani hakulia. Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. "Mzee wangu, nikiondoka hivi, nitaandikwa mwizi kila nitakapoomba kazi. Niacheni nimpigie mtaalamu."

"Piga," nikamwambia, "lakini weka sauti kubwa tusikie sote."

Yule bwana akapokea. Akasema mpango anauona, uko mbele yake, kama tuna haraka atatusomea kwenye simu. Uani pakalipuka. Tusomewe na mtu tusiyemwona uso? Si atasoma anachotaka? Basi mtaalamu akaanza kumuuliza karani: mtandao upo, neno la siri ni lile lile, umewasha upya? Kila swali karani akajibu ndiyo. Kisha akasema, "Hebu tazama kona ya chini, kulia. Tarehe inasema ngapi?"

Karani akainama.

"Inasema mwezi wa kwanza," akajibu taratibu. "Na mwaka ni ule nilipokuwa bado msichana wa shule."

"Ndiyo hiyo hiyo. Programu ikiona tarehe haiendani na ya huku, inakataa, inadhani ni mtu wa kughushi. Betri huwa inatolewa?"

Hapo, ndugu msomaji, wanachama wote walitugeukia sisi watatu. Mzee wa kipanya akawa anakagua kucha zake.

"Hutolewa kila jioni," karani akasema. "Na waya pia."

Mtaalamu akaeleza kwamba ndani ya mashine kuna kibetri kingine, kidogo kama kifungo cha shati, ndicho kinachotunza saa. Sisi tulipokuwa tunaondoka na ile kubwa na waya, kidogo kilibaki peke yake kinahesabu siku. Kimehesabu, kimechoka, kimekufa. Mashine ikaamka haijui leo ni lini. "Rekebisha tarehe, halafu ingia upya," akasema.

Karani akanyoosha mkono, na mzee wa waya akaudaka. "Thubutu! Anataka kubadilisha tarehe mbele yetu! Mtu anayebadilisha tarehe ya ofisi ana nini kama si wizi?"

Na kweli, hata mimi nilisita. Kwenye hati za kwetu, tarehe ikifutwa tu, hati imekufa. Yule binti mkono umeshikwa, simu imewashwa, watu wanaanza kusimama waondoke. Nikafikiria betri yangu inavyolala kwenye mahindi kama kitoto. Sikusema ni kosa langu, sikuwa nimefika huko bado. Nilisema, "Mwache aandike. Lakini tarehe aitaje mtu mwingine."

Tukamwita katekista, aliyekuwa mwanachama kama sisi, akaishusha kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani mwa ofisi. Akaisoma tarehe kwa sauti, kama anasoma somo la misa. Mzee wa waya akarudia. Mzee wa kipanya akarudia. Ndipo karani akaandika, sisi tumemwinamia mpaka ushungi wake ukawa unanigusa shavu. Akaingia upya. Kiduara kikazunguka kidogo tu, na hati ikafunguka.

Akaisoma yote. Mashine ya kumenyea ilikuwa pale pale vijito vinapokutana. Hakuna neno lililosogea. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akataka kufunga mkutano.

"Bado," karani akasema. Akasimama, sweta zake zote mbili. "Mmenishuku mbele ya watu. Nisafisheni mbele ya watu. Na betri ilale ndani ya mashine, na mashine ilale kabatini, pamoja na waya. La sivyo gari la Mbinga nitalipanda mwenyewe."

Mwenyekiti akaomba radhi. Mzee wa kipanya akaomba huku anatazama nje. Nami nikaomba, na sikuona aibu kama nilivyodhani ningeona. Karani akasema yamekwisha, ila hakutabasamu.

Jioni mama watoto alinitazama mikono. "Mtoto yuko wapi leo?"

"Amebaki na wenzake."

Kesho yake tulifungua kofuli zetu tatu, tukatawanyika, na baadaye nikapita tena ofisini. Karani alipoona kivuli changu mlangoni, kabla hata sijafungua mdomo, akaigeuza kompyuta, kona ya chini ikanitazama.

"Leo Jumatano, mzee. Hakikisha."

Nikahakikisha. Halafu nikaenda ukutani, kwenye kalenda ya parokia, nikahakikisha tena.