Kiganja Kimoja cha Direktrisi

Mwanne hakuwahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukimwazima bakuli, litarudi na sambusa mbili. Ukimwazima chujio, litarudi na kitunguu. Mwaka wa tisini na tano, siku zile mji ulipofungwa na hakuna aliyethubutu kutoa pua nje, nilimwona akipanda ukuta wa ua wetu pale Buyenzi, mjini Bujumbura, mwanamke wa miaka hamsini na uzito wake wote, ili anirudishie sufuria yangu yenye viazi vitatu. Risasi zilikuwa zinalia upande wa Kamenge. Nilimwambia sufuria ingeweza kungoja. Akanijibu kwamba sufuria ingeweza, yeye asingeweza.

Mimi ni Ilyasi, fundi wa baiskeli, na kwa miaka ishirini na mbili mlango wangu ulitazamana na wake. Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na moja kati yake nililitenda mwenyewe. Nitalifikia, msinisukume.

Mbuzi aliletwa kwa ajili ya Idi Kubwa. Massoudi, mchinjaji, ndugu wa marehemu mume wa Mwanne, alimletea jike jeusi lenye doa jeupe kwenye paji. Siku ya kuchinja ikafika, ikaonekana ana mimba, na Mwanne akakataa katakata. Mbuzi akazaa, akaanza kukamuliwa, akaitwa Direktrisi kwa sababu alikuwa na namna ya kututazama kama mkuu wa shule anayewatazama wazazi waliochelewa mkutano. Alitoa vikombe viwili vya maziwa kwa siku. Akikasirika, kimoja.

Katika chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua, alikaa Rosette, Mshi wa Bukavu huko Kongo, aliyekimbia vita vya kwao akaja kuvikuta vya kwetu. Mumewe, Cirimwami, alibaki huko. Mwaka wa tisini na nane mwanawe Murhula alikuwa na miezi minane wakati titi moja la mama yake lilipopata jipu na la pili likakauka kwa homa. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, na maziwa ya unga yalikuwa kitu cha kusimuliwa zaidi ya kuonekana. Mwanne hakuuliza wala hakuombwa. Kila asubuhi na kila jioni alichemsha maziwa ya Direktrisi, akayatia maji kidogo, akayamimina katika kikombe cha bati cha kijani na kuyapeleka chumba cha nyuma. Mashavu ya mtoto yakaanza kurudi. Bila kikombe kile, sijui ingekuwaje. Au tuseme najua, na sipendi kulisema.

Taabu ni kwamba Rosette naye alilelewa vizuri.

"Mama, mi siko na kitu ya kukurudishia," alimwambia Mwanne siku ya pili, kikombe mkononi. "Lakini hii kipande ya papai ni ya Direktrisi. Yeye njo anatufanyia kazi."

Mwanne alifurahi mpaka akakaa chini. Direktrisi akala papai, akalamba kiganja cha Rosette, na jioni ile maziwa yakazidi kidogo, au tulitaka kuamini yamezidi. Kufikia Ijumaa ua mzima ulishajua kwamba matunda huongeza maziwa, na kila mtu akawa mtaalamu.

Mwanne hakuwa mjinga. Alimuuliza Sylvère, muuguzi wa mifugo aliyeshuka kutoka Gihosha kila baada ya wiki mbili kuchanja kuku wetu. Sylvère alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema tunda si chakula cha mbuzi, ni utamu tu. Majani makavu ndiyo chakula. Ampe kiganja kimoja kwa siku, kimekatwa vipande vidogo, bila kokwa, na avoka, yaani parachichi, asimwonyeshe hata kwa mbali.

Mwanne akasimama katikati ya ua akatangaza: kiganja kimoja kwa siku. La avoka alilisema pia, lakini mimi nilikuwa napiga nyundo kwenye rimu. Wengine wote walisikia vizuri sana. Tulikuwa nyumba kumi na moja kuzunguka ua ule, na kila nyumba ikampa Direktrisi kiganja chake kimoja, kwa uaminifu kabisa, tena wakati Mwanne yuko sokoni au anasali, ili isionekane kujipendekeza. Hakuna aliyevunja sheria.

Sasa nifike kwangu. Mimi nilikuwa nyumba ya kumi na moja. Embe zilikuwa zimejaa mji mzima, kila mtu ameshatoa, na mimi peke yangu nilikuwa sijampa mbuzi kitu. Niliona haya. Mbele ya karakana yangu ulisimama mparachichi, na asubuhi ile ulikuwa umeangusha tunda. Nikamtupia lote, na ganda lake. Nilihesabu kwamba avoka moja ni kiganja kimoja, na kiganja changu ni kikubwa.

Kesho yake asubuhi ubavu wa kushoto wa Direktrisi ulikuwa umevimba na kukaza kama mpira wa gari. Alisaga meno, hakucheua, na hakumtazama mtu yeyote kwa dharau, jambo lililotutisha kuliko uvimbe wenyewe. Rosette alikuja na kikombe kilichooshwa, mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. Murhula ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo kuta zetu nyembamba hazikuweza kuizuia.

Massoudi akafika na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti.

"Shemeji," alimwambia Mwanne kwa upole, "akikufa mwenyewe ni mzoga, ni haramu, tutamutupa. Tumuchinje angali na roho, Mungu atatulipa."

"Na mutoto atakunywa nini?" Mwanne akamuuliza. "Supu?"

"Mi naongea ya sheria."

"Na mi naongea ya mutoto. Ngoya."

Massoudi akakaa kwenye kizingiti akingoja. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa akikinoa kisu polepole huku akingoja, na kila mkwaruzo tuliusikia mgongoni.

Mimi nikapanda baiskeli kwenda Gihosha kumtafuta Sylvère. Kwenye bariyeri ya kwanza mwanajeshi alinisimamisha akaniuliza nakimbilia wapi. Nilimwambia mbuzi anaumwa. Akaniuliza amekula nini. Nilikuwa tayari kwa maswali mengine yote, si hilo. Nikasema matunda. Akatikisa kichwa, akanieleza hatua kwa hatua dawa aliyofundishwa na nyanya yake, nyuma yangu watu wakirefusha mstari, kisha akaniruhusu kupita.

Niliporudi na Sylvère kwenye keria, tulikuta ua umejaa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba nyumba ya Mwanne ina mgonjwa, na huku kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Walikuja na machungwa, na ndizi, na nanasi zima lililofungwa kitambaa. Walimpa Mwanne pole, wakaomba dua, na wengine, kwa kuwa mgonjwa alikuwa pale pale akiwatazama, wakaona ni adabu kumlisha mwenyewe. Bibi mmoja alikuwa anamsukumia ndizi mdomoni huku akisema "Amina".

Sylvère akashuka kwenye keria. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile wala baada yake.

"Nani amekufa hapa mpaka mulete matunda? Mutoe zote. Zote."

Akaanza kumkagua. Akamfungua mdomo, akaingiza kidole, akatoa kati ya magego kipande cha ganda la kijani kilichokunjamana. Akakiinua kwenye mwanga.

"Hii ni avoka. Nani iko na muti ya avoka?"

Watu hawakunitazama mimi. Waliinua nyuso zao, wote kwa pamoja, wakautazama mti wangu. Nilitamani ardhi inimeze na nyundo yangu.

Sylvère akaomba mafuta na chupa. Iliyopatikana ilikuwa ya bia, na Mwanne akasema hiyo haivuki mlango wake hata Direktrisi afe. Ikatafutwa ya Fanta. Wakapasha mawese moto kidogo, wakamnywesha polepole kwa upande wa mdomo ili asipaliwe, kisha wakamsimamisha miguu ya mbele juu ya kizingiti, jambo lililomlazimu Massoudi kusogea na kisu chake. Sylvère akanipa mimi kazi ya kuukanda ubavu. Nilikanda. Adhuhuri ikapita, nikakanda. Mikono ikafa ganzi. Mwanne alikuwa ameshika pembe, na ndipo nilipomwona akilia, bila sauti, machozi yakimdondokea mbuzi puani.

"Tungoye mpaka saa ngapi?" Massoudi akauliza.

"Akilala na kunyoosha miguu, hapo njo wakati yako," Sylvère akamjibu.

Direktrisi akayumba. Goti moja likagusa chini. Massoudi akasimama, akafungua gazeti, akaanza kusema Bismillahi. Hapo ndipo mbuzi alipotoa mbweu ndefu, nzito, yenye harufu ya kila tunda la Bujumbura, na akaitoa usoni mwa Massoudi. Akafuata na ya pili. Ubavu ukalegea chini ya mikono yangu. Massoudi akajifuta uso kwa gazeti, akakifunga kisu, akasema Alhamdulillahi, nami naamini aliisema kwa moyo.

Lakini Sylvère alikataza maziwa kwa siku tatu, kwa sababu ya avoka. Siku tatu Murhula alikunywa uji mwembamba wa mtama. Alilia, nami kila alipolia nilitoka nje nikautazama mti wangu kwa chuki. Siku ya nne Mwanne akamimina nusu kikombe akampelekea Rosette na sheria mpya: kikombe hiki kitarudi kitupu.

Huwezi kujua ilimgharimu nini mwanamke yule kulisema neno hilo, na mwenzake kulitii. Rosette alivuka ua amekificha kikombe chini ya kitenge kama aliyekiiba. Mwanne akakipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu," akasema. Hivyo kila siku, asubuhi na jioni.

Na mimi nikapewa adhabu: kiganja kimoja cha siku kikawa kazi yangu. Nikimenye, nikikate vipande, nitoe kokwa, nimpe mwenyewe, na mtu mwingine asimpe. Niliifanya kazi hiyo karibu miaka mitano, na mbuzi yule hakunishukuru hata siku moja.

Mwaka wa elfu mbili na tatu Cirimwami alituma habari kwamba nyumba ya Bukavu imepata bati tena. Asubuhi ya safari Rosette alivuka ua akimshika Murhula mkono. Alikuwa ameleta kikombe cha kijani. Mwanne akakipokea kwa mikono miwili kama siku zote, akatazama ndani. Ndani kulikuwa na papai, limemenywa, limekatwa vipande vidogo, bila mbegu hata moja. Kiganja kimoja, hakikuzidi.

Direktrisi alikuwa ameshazeeka, maziwa yalishakatika, lakini pua yake ilikuwa nzima. Akaja.

Nilimwambia Mwanne kwamba leo nimekwisha kumpa kiganja chake.

"We Ilyasi," akasema, "nyamaza."