Bafta ya Vizuka

Siku ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu asubuhi, ingawa barua ilisema saa tatu. Nilitaka nisionekane mvivu. Nilipofika getini nikaanza kuogopa kwamba nitaonekana sina kwetu, nikatembea mpaka kona ya mtaa wa Shanwe nikarudi, mara tatu. Mwishowe mlinzi akanifungulia na kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Kazi hiyo nimeshaiacha. Nina miaka ishirini na saba, na watu hucheka nikisema nimestaafu, lakini ufundi wenyewe Mpanda nzima tulikuwa wawili, na mwenzangu amehamia kwenye kupamba harusi. Vijana wanaomaliza masomo ya sanaa huniuliza ilikuwaje. Naandika ilivyokuwa, na nitajitahidi nisiongeze hofu zangu, ingawa sidhani kama nitaweza.

Cheo changu kilikuwa fundi mapambo katika hoteli yenye bustani kubwa, iliyopokea wageni wanaokwenda mbuga ya Katavi. Meneja alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo iliyokulazimisha umsogelee. Alinieleza kwamba mwisho wa Oktoba wageni wa nje wana sikukuu ya kutishana iitwayo Halowini, na wanaokuja na watoto hupenda kukuta bustani ina mafuvu na vizuka. "Nataka waogope kidogo, wacheke sana," akasema. Niliandika maneno hayo kwenye daftari, na wiki nzima nikawaza hiyo kidogo ni kiasi gani.

Aliyenifundisha kazi ni Msimamizi wa Bustani, mtu wa makamo kutoka Inyonga ambaye zamani alikuwa mrina asali. Fuvu tulilianza kwa kiunzi, yaani umbo la ndani, tulilolisuka kwa fito laini na waya wa kufungia nondo. Juu yake tulibandika karatasi za mifuko ya saruji zilizolowekwa kwenye uji wa unga wa muhogo, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka lilikaushwa kivulini. Ukilianika juani, fuvu hupasuka kwenye taya. Mwisho tulipaka nta iliyoyeyushwa, kwa sababu mvua za kwanza haziionei karatasi huruma, na nta ikipoa huipa rangi ya mfupa wa zamani. Wageni kwao huchonga macho kwenye maboga. Akina mama wa jikoni walikataa kuona boga likitupwa, basi nyama yake ya ndani walipika wao, sisi tukabaki na ganda.

Mwaka wa kwanza sikuichuja nta vizuri. Asali iliyobaki ikaita nyuki, na wageni wakanywa chai ndani siku mbili. Nilijiandaa kufukuzwa. Msimamizi aliniambia tu kwamba katika mafuvu yote, la kwangu ndilo pekee lililotisha watu kweli.

Mwaka wa pili nilihamishwa kutoka bustani ya nyuma kwenda uwanja wa mbele, chini ya Meneja mwenyewe. Alitaka vizuka saba vya kuning'inia kwenye miti, njia nzima kutoka getini hadi mapokezi. Kizuka kinahitaji kiunzi cha mabega tu na kitambaa chepesi kinachotikiswa na upepo mdogo. Shuka za hoteli zilikuwa nzito mno. Nilijaribu vitambaa vingi, nikaona kinachofaa ni bafta nyeupe.

Kila mtu anajua kazi ya bafta nyeupe kwetu. Na mimi nilijua. Ila siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa vizuka, na nikaenda kuinunua kwenye duka la Nsemulwa, mtaa wa nyumbani, kwa mzee anayetufahamu sote.

"Nataka bafta nyeupe," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. "Mwanamume au mwanamke?"

Kizuka nilikuwa nimekichora mara sita, na mara zote kilitoka mwanamume. "Mwanamume," nikajibu. "Mrefu, mwembamba."

"Pole sana, mjukuu wangu."

"Asante," nikasema.

Nilidhani ananipa pole ya jua. Mtu hupewa pole ya jua, ya kazi, ya safari, na yote huitikiwa hivyohivyo. Nikaongeza kwamba nahitaji nyingi, kwa kuwa nilifikiria vizuka saba, naye akanitazama kwa huruma zaidi. Aliipima kwa mkono, akaichana bila mkasi, akaikunja taratibu. Nilipotoka alikuwa anafunga ubao mmoja wa mlango.

Nyumbani niliishi na Babu, aliyenilea, na Shangazi, binti yake. Babu ni mrefu, mwembamba, na tangu mvua zilizopita alikuwa anaumwa kifua.

Niliipeleka bafta hotelini, nikarudi nyumbani saa kumi alasiri. Uani kulikuwa na mabenchi. Kina mama walikuwa wameshusha kuni na unga, na vijana walikuwa wanafunga turubai. Katikati yao Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametoka ndani kuuliza msiba ni wa nani. Mtani wetu wa ukoo, ambaye kazi yake msibani ni kuwachekesha wafiwa, alikuwa ameshaanza.

"Marehemu, sogeza miguu tupange viti," akamwambia.

Watu wakacheka, na Babu mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Walifikiri habari ya msiba ilikuwa umbea wa mtaani tu. Ndipo mwenye duka akafika, ameshika kofia mkononi, akamwona Babu, akasimama. Akasema mjukuu wa nyumba hii amenunua sanda asubuhi. Ya mwanamume, mrefu, mwembamba. Kicheko kikaisha.

"Umemnunulia baba yangu sanda akiwa anakula?" Shangazi akaniuliza.

Nikasema si ya Babu. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya vizuka.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi na sijapata lililo baya kuliko hilo. Waliokuwa wamekaa wakasimama. Nilieleza habari za hoteli, wageni na Halowini, na kila nilipoeleza niliwaona wanasogea mbali kidogo. Mtani alinikatiza kwa upole: "Bwana mdogo, nyamaza. Unajichimbia." Kina mama wakabeba kuni zao. Babu akaingia ndani.

Jioni ile nilimmiminia chai kama kawaida. Hakuipokea. Alimwita Shangazi ammiminie nyingine.

Ilikuwa hivyo siku tano. Kila nilipompa kikombe, alitazama pembeni mpaka Shangazi aje. Angenigombeza ningejua pa kuanzia kujibu. Nilifikiri ananiona namtakia kufa nirithi chumba chake. Nilifikiri akifariki wiki ile, mtaa mzima utasema ni mimi, na nikahesabu uwezekano kwamba hata mimi nitaamini. Kila alipokohoa nilisimama. Kupoteza kazi ningevumilia. Nilichokuwa napoteza ni mtu aliyenilea, naye yuko mita tatu kutoka kwangu.

Hotelini vizuka sita vilikuwa vimeshaning'inia, na Meneja alifurahi. Nilimsimulia Msimamizi. "Mlete aone," akasema. "Kitu ambacho hujakionyesha, watu hukichora wenyewe." Nilipinga, nikasema akiviona itakuwa vibaya zaidi. Lakini jioni nilimwambia Shangazi, naye akamwambia Babu, na kesho yake mchana bajaji ikasimama getini, Babu akashuka akishikiliwa na binti yake.

Alipita chini ya vizuka kimoja kimoja, polepole. Kwenye cha tatu alishika upindo akausugua kwa vidole.

"Huyu ndiye mimi?"

"Hapana, Babu. Ni mapambo. Wageni wanapenda kutishwa."

"Mrefu, mwembamba."

"Ndiyo, Babu. Kosa ni langu."

"Bafta nzuri hii. Ipo iliyobaki, ambayo hujaichora macho?"

Ilikuwepo, kipande cha kizuka cha saba, stoo. Nilimwambia ipo.

"Wenzangu wote wanazo zao sandukuni," akasema. "Mimi nilikuwa naona aibu kumtuma mtu dukani. Siku ya kwanza nilikuogopa, sitakuficha. Siku nyingine zote nilikuwa nafikiri nikuombeje."

Shangazi alimwambia asiseme hivyo. Babu akamjibu kwamba watu wameshakuja na kuni, imebaki nguo tu.

Bafta ilikuwa mali ya hoteli, kwa hiyo nilikwenda kwa Meneja na maelezo marefu niliyoyapanga njiani. Nilifika kwenye neno Babu, akaninyooshea funguo za stoo. "Kachukue," akasema. "Cha saba tutasema kimetoroka."

Nyumbani Babu alitaka ipimwe, kwa kuwa niliikata kwa kukisia. Akasimama wima ukutani, visigino vimegusa, kidevu juu. Shangazi alitoka nje. Nilipima kutoka utosini mpaka unyayoni, kisha nikaongeza pande zote mbili kama alivyonielekeza.

"Imetosha?"

"Imetosha, Babu. Imebaki kidogo."

"Basi shika huko tukunje."

Nilimaliza msimu ule, nikashusha vizuka, na sikuomba mkataba mwingine. Meneja aliniuliza sababu. Nilimwambia kwamba siwezi tena kuchora macho kwenye bafta, naye hakunisukuma. Sasa nafundisha watoto kuchora, na hofu zangu nyingine ziko palepale. Kwa anayetaka kuanza ufundi ule, nina mawili tu: chuja nta mpaka isinuke asali, na ukienda kununua bafta, sema ni ya kazi gani kabla hujaulizwa.

Babu yupo. Kifua bado kinamsumbua, na akikohoa bado nasimama. Ila akinyoosha kikombe siku hizi, najizuia kujiuliza anawaza nini. Nammiminia, naye anakunywa.