Nyama Tuliyokula kwa Mama Marcelline

Watu wakimutaja leo Mama Marcelline wanamufanya kama mutakatifu wa kanisani. Waniache! Mimi Ernestine niliishi naye, mama yangu mukubwa, katika kijiji kimoja cha njia ya Kabambare, na ninasema alikuwa mukali, mwenye kinywa, na alipenda nyama kuliko kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuzalisha wanawake. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa na kurudishwa, kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili katika nyumba moja, tunagombana tangu asubuhi.

Mwaka ule, kabla ya vita ya Hitileri, Bulamatari, serikali ya Wazungu, alikuwa amelazimisha kila nyumba kulima pamba. Kapita, musimamizi wa pamba kwetu, aliitwa Octave. Yeye ndiye aliyepima mistari ya kulima ya kila mutu, na mutu aliyesemwa naye kuwa muvivu alipigwa fimbo. Siku moja jioni alimubakiza Feza, binti ya Sumaili, peke yake shambani, akisema palizi yake ni mbaya. Feza alikuwa musichana wa miaka ishirini hivi, mupole, anayecheka polepole. Octave alimushika kwa nguvu.

Feza hakwenda kwao. Alikuja kwetu, nguo imepasuka, hawezi kukaa chini. Mama Marcelline alimupashia maji, akamuosha, akamutazama kama anavyotazama wanawake anaowazalisha. Hakumuuliza yale watu wanayouliza, eti ulicheka naye, eti mbona ulibaki. Mimi nilitaka kuuliza, ninaona haya kusema, akanikata na jicho. Kisha akamwambia Feza, "Nimeona kwa macho yangu. Nitasema mbele ya shefu."

Neno hilo lilikuwa kubwa. Katika baraza ya shefu, musichana akisema alishikwa kwa nguvu, wazee walisikiliza kama wanasikiliza mvua. Lakini mwenye kuzalisha akisema nimeona, waliliandika. Tumaini lote la Feza lilikuwa katika kinywa cha mama yangu mukubwa.

Octave hakuwa mujinga. Alimupelekea Sumaili mbuzi, na juu ya mbuzi akaomba apewe Feza awe muke wake wa tatu. Kwetu, mutu akikosa analeta mbuzi. Mukiichinja mukaila, maneno yamekwisha, na yeyote aliyekula amefunga kinywa chake, hana ruhusa tena ya kushitaki wala kushuhudia. Sumaili aliichinja. Aliogopa fimbo ya kapita, ninajua, sisi wote tuliiogopa. Lakini mutoto wake alikuwa ndani analia, naye anagawa nyama. Sijamusamehe.

Sasa sikia ujinga wetu sisi. Siku ile ile dada ya Octave alikuja nyumbani na muguu wa mbuzi juu ya jani la ndizi. Mama Marcelline alikuwa amemuzalisha wiki mbili nyuma, mapacha, kazi ya siku mbili, na desturi ni kumushukuru mwenye kuzalisha kwa muguu. Nani angeuliza? Tulipika, tukala na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nililamba mpaka vidole. Mama Marcelline alivunja mufupa akanyonya ndani, akasema ndugu ya Octave ana adabu kuliko Octave.

Baraza ilikaa siku ya soko. Watu walijaa. Célestin, karani wa shefu, alifungua kitabu, na Mama Marcelline akasimama. Alikuwa hajamaliza hata neno la kwanza, muzee Yakubu, mumoja wa waamuzi, akamukatiza. Akamuuliza kama muguu wa mbuzi ya Octave, ule Sumaili aliourudisha kwa dada ya Octave katika kugawa, ulifika kwake, na kama aliula.

Niliona uso wake unageuka. Alitazama dada ya Octave, na dada ya Octave akainamisha kichwa. Nilimuomba Mungu amuache adanganye. Ndiyo, mimi mubatizwa, nilimuomba Mungu mama yangu mukubwa aseme uongo.

"Nilikula," alisema. "Nilifikiri ni ya mapacha."

Watu wa Octave walicheka. Yakubu akasema basi kinywa kimefungwa, akae chini. Alikaa. Sijapata kumuona vile, mukali yule, mikono imelala juu ya magoti. Shefu akaanza kusema kwamba kwa kuwa Sumaili amekula na shahidi amekula, jioni ile Feza ahamie kwa Octave.

Ndipo Feza akasimama. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Baba yangu alikula," alisema. "Mama Marcelline alikula. Mimi sikukula. Waliniletea sahani siku mbili, sikukula hata kipande."

Wazee wakaangaliana. Yakubu akamwambia akae, kwa kuwa baba akila, binti amekula. Wengine walitikisa kichwa kukubali, na shefu akafungua kinywa ili amalize.

Mama Marcelline hakuwa na ruhusa. Alisimama vilevile.

"Siku ile kwenye pamba," alisema, "Octave alimushika baba ya Feza?"

Hakuna aliyecheka. Célestin alikuwa ameinua kalamu, anamutazama shefu. Shefu alifuta jasho, akakumbuka kwamba kitabu kile Muzungu wa teritware, mukubwa wa serikali kwetu, hukisoma. Akakata maneno hivi: muke asiyekula mbuzi hapewi mwanamume, Feza abaki kwa baba yake. Octave, mashitaka juu yake yameanguka, maana shahidi alikula. Na Marcelline, kwa kusema na kinywa kilichofungwa, siku saba jela.

Octave hakulala ndani hata usiku mumoja. Jumatatu alikuwa shambani na kamba yake ya kupima, na Feza ilimubidi aende, kwa sababu pamba ya Bulamatari haingoji mutu apone. Nilikwenda kulima karibu naye. Siku ya pili wakaja wanawake wengine wawili. Kapita akipita, tulikuwa tunasogea karibu na Feza, tunamuzunguka.

Siku ya nane jua lilikuwa juu kabisa nilipomuona Mama Marcelline anakuja kutoka jela, amekonda, nguo inanuka. Nilimwambia aende kwanza nyumbani, aoge, ale. Alichukua jembe mukononi mwangu, akaingia katika mustari wa Feza, akaanza kulima.